Usingoje Kukonda Ndipo Utafute Wenzako

Namwandikia mwanaume mnene anayependa wanaume, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akijiambia kwamba atapiga picha, atajibu ule ujumbe, ataitikia ule mwaliko, akishapungua kidogo. Kilo kumi hivi. Haya, basi hata tano. Ushauri wangu ni kwamba uitikie wiki hii, na mwili huohuo ulio nao. Ila kuna mialiko ya kuitikia na mialiko ya kuiacha ipite, maana si kila mkusanyiko wa watu wetu utakaokufaa. Mingine itakurudisha nyumbani ukiwa hoi kuliko ulivyotoka.

Wengi wetu tuliolelewa Afrika Mashariki huchanganywa na jambo moja. Unatua Dar au Mombasa baada ya miaka kadhaa ughaibuni, shangazi anakupokea, anakuzungusha kama anayekagua kanzu mpya, anasema mashallah, umenawiri, ugenini kumekukubali. Kitambi chako kwake ni habari njema: unakula, unalala, huna deni. Usiku huohuo unajifungia chumbani na simu, unafungua ile programu ya kutafutana, na kifua kimoja kisicho na kichwa kimeandika kwamba wanene na wanaume laini wasijisumbue. Saa sita tu zimepita, mwili ni uleule.

Sitaki kuipamba nyumbani. Shangazi huyohuyo atakuita bonge mbele ya wageni, na shuleni wengi wetu tulikuwa matipwatipwa tuliochekwa vifua tukivua shati siku ya michezo. Lakini mzaha wa nyumbani mara nyingi unakuacha ndani ya ukoo. Bonge anaoa, anaitwa kwenye vikao vya harusi, anapewa kiti cha mbele. Kwenye ulimwengu wa wanaume wapendao wanaume, hasa ule unaopita kwenye simu na baa za miji mikubwa, unene unakuondoa kwenye orodha kabisa. Na inauma zaidi kwa kuwa wanaokuondoa ni watu uliodhani ndio wa kwanza watakaokuelewa.

Woga wako si wa kuwaza tu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Olivia Foster-Gimbel na Renee Engeln, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Zaidi ya theluthi moja ya mashoga waliohojiwa walisema wamewahi kubaguliwa kwa unene ana kwa ana, na wengi kati yao hata hawakuwa wanene kwa vipimo vya hospitali. Watafiti waliwauliza pia: mwanaume mnene akimwendea mwanaume mzuri kumsemesha, itakuwaje? Mashoga, kuliko wanaume wengine, walitarajia kwamba atapuuzwa waziwazi, atajibiwa vibaya, au atachekwa akigeuka. Kwa hiyo hata yule mwembamba aliye karibu nawe huenda amekaa na hofu ya sahani yake.

Kupimana huku kwa miili kuna historia. Katika miaka ya 1970, mtaa wa Castro wa San Francisco ulijaa wanaume waliokuwa wameambiwa maisha yao yote kwamba hawajatimia uanaume. Wengi waliijibu kauli hiyo kwa miili yao: misuli, masharubu, jinzi za kubana. Michoro ya Tom of Finland, yule mchoraji wa Kifini ambaye wanaume wake wote wana mabega kama milango, ilikuwa imekwisha kuwaonyesha njia. Kisha ukaja ukimwi, na mwili ukageuka cheti cha afya. Aliyekonda alitazamwa mara mbili.

Kwetu hili halihitaji kufafanuliwa sana. Wilayani Rakai, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo Slim, na mwaka 1985 jina hilo likaingia kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Kukonda kukawa tuhuma. Hadi leo, Dar es Salaam, mtu akipungua ghafla inambidi ajieleze: nilikuwa nafunga, nilikuwa na malaria, ni stresi za kazi. Kunenepa kukabaki ushahidi kwamba mambo ni salama.

San Francisco hofu hiyohiyo ilizaa njia mbili. Baadhi ya madaktari waliwaandikia wagonjwa waliokuwa wakiyeyuka homoni za kujenga misuli. Dawa zile zilisaidia, na mwili uliotuna kwa msaada wa dawa ukawa mtindo hata kwa waliokuwa hawaumwi. Njia ya pili ilikwenda kwenye tumbo la mviringo. Mwaka 1987 lilitoka jarida la Bear, lililojaa wanaume wenye ndevu, vifua vyenye manyoya na vitambi, na miaka miwili baadaye ikafunguliwa baa ya Lone Star iliyokuwa kama nyumbani kwao. Wakajiita dubu. Wapo wanaosema kwamba tumbo lilipendwa wakati ule kwa sababu lilionekana kuwa mbali na kifo, nami nakubaliana nao.

Lakini ninaowapenda zaidi walikuja kabla ya dubu. Mwaka 1976, misuli ya Castro ikiwa kwenye kilele chake, Charlie Brown na Reese Windham walianzisha San Francisco klabu ya mashoga wanene wakaiita Girth & Mirth. New York ilifuata mwaka 1978, kisha miji mingine ya Marekani, kisha Ulaya, na kuanzia miaka ya 1980 klabu hizo zikawa zinakutana kila mwaka. Mwanasosholojia Jason Whitesel alikaa nao na mwaka 2014 akatoa kitabu juu yao. Ukikisoma utashangaa jinsi mengi waliyofanya yalivyokuwa ya kawaida: kula hotelini pamoja, kucheza, kuchekana, kuogelea mchana kweupe kwenye bwawa la moteli, bila shati. Kwa mtu ambaye hajavua shati mbele ya watu tangu darasa la tano, alasiri moja ndani ya bwawa lile ni jambo kubwa.

Hawakumtaka mtu ajipende kwanza ndipo ajiunge. Siku hizi kila mahali unaambiwa jikubali, ukijikubali watu watakukubali, na ukishindwa kujikubali unapata aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Wale wa Girth & Mirth waliagiza meza, wakapiga simu, watu wakaja na aibu zao, wakala. Aibu ilipungua, pale ilipopungua, kwa kuonana mara kwa mara.

Basi ushauri wa kwanza: tafuta watu kabla ya kutafuta mpenzi. Ukiingia kwenye ulimwengu huu kupitia programu za simu peke yake, unaingia kupitia mlango ambao picha ya kiwiliwili ndiyo tiketi. Ingia kupitia mlango wa shughuli. Kwa aliye London, Toronto au Minneapolis, kuna kwaya za mashoga, vikundi vya kusoma vitabu, timu za kuogelea, vikundi vya wahamiaji wa Kiafrika, misikiti na makanisa yasiyofukuza watu. Mahali ambapo mtu anakuona ukipika, ukibishana, ukiimba besi, mwili wako unakuwa habari moja kati ya nyingi. Na yule ambaye asingebonyeza picha yako anaweza kukusindikiza hadi kituo cha basi.

Vikundi vya dubu je? Nenda, lakini macho yakiwa wazi. Wamejenga vitu vya kweli. Hata bendera wanayo tangu 1995, iliyobuniwa na Craig Byrnes kwa rangi za manyoya ya dubu wa dunia nzima. Ila nao wamejiwekea ngazi zao. Tazama mabango ya sherehe zao: kifua kipana, mikono iliyojaa, tumbo lililo gumu kama ngoma. Mnene hasa, mwenye nyama laini, anasimama pembeni. Na sisi wengi hatuna manyoya kifuani, wala hatukuwemo vichwani mwa waliochora taswira ile mwanzoni. Kabla ya kulipa kiingilio, acha bango, tafuta picha za sherehe ya mwaka jana. Angalia nani amesimama katikati, nani anacheza, kama kuna mweusi hata mmoja, kama kuna aliye na umbo lako na anacheka kweli. Picha hizo zitakuambia zaidi ya maneno yote ya karibuni nyote.

Na programu za simu usizikimbie zote. Zitumie kwa masharti. Weka picha ya mwili mzima, ya karibuni, yenye mwanga mzuri, ukiwa umevaa nguo inayokukaa. Wengi wetu huweka uso tu, uliopigwa kutoka juu, halafu tunatetemeka siku ya kukutana. Picha ya kweli itapunguza ujumbe unaoingia, na hiyo ndiyo faida yake: imewachuja kabla hujanunua nauli. (Hii ni kwa walio mahali salama. Kwa aliye nyumbani nitasema hapa chini.) Usiandike maneno ya kuomba radhi, yale ya najua mimi ni mnene lakini. Atakayekuandikia kwamba una uso mzuri ila ungepunguza tumbo, usimjibu kwa insha. Mzuie, endelea na siku yako. Kuna watu wanaofurahia kuelimisha wajinga usiku wa manane. Mimi naona ni kazi isiyo na mshahara.

Utakutana pia na wapenda mabonge. Hawa wapo tangu siku za Girth & Mirth, walikuwa wanachama kamili wa klabu zile na wengine wamezeeka na wapenzi wao. Usimdharau mtu kwa sababu anakutamani. Baada ya miaka ya kuachwa mtu huweza kudhani anayemtaka ana kasoro. Lakini msikilize anaongea nini baada ya nusu saa. Kama mazungumzo yote ni tumbo lako, na hajauliza unafanya kazi gani wala kwenu ni wapi, umekutana na mnunuzi. Dalili nyingine ni ya pale anapotaka usionekane: mnakutana kwake tu, gizani, na rafiki zake huwajui. Ukiwa mjini ambako anaweza kutembea na wewe barabarani bila hatari na bado hataki, tatizo ni aibu yake, wala lisikupe kazi ya kumponya.

Sasa aliye nyumbani. Kwa ngono ya wanaume kwa wanaume, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inafika kifungo cha maisha, ya Kenya miaka 14, na Uganda iliongeza sheria kali zaidi mwaka 2023. Matapeli wanaijua sheria kuliko mawakili, na wanamjua mtu mwenye njaa ya kupendwa. Mnene aliyekataliwa mara nyingi akipata ghafla kijana mzuri anayemsifia mwili wote, anayetaka picha za utupu siku hiyohiyo na kukutana kesho gesti, moyo unaruka kabla ya akili. Unachokiona ni bahati. Yeye anaona mtu ambaye hatauliza maswali. Uliza maswali. Uso na mwili wa utupu visikae kwenye picha moja. Zungumzeni kwa video kwanza. Kutana mara ya kwanza mgahawani mchana, na rafiki mmoja unayemwamini ajue uko wapi na utarudi saa ngapi. Na akikutisha baadaye, usilipe ukiwa peke yako gizani. Ukilipa mara moja atarudi. Mtafute mtu wa vikundi vya haki za binadamu au wakili kabla hujatuma chochote.

Kwa sababu hiyohiyo, mkusanyiko unaofaa nyumbani, na mara nyingi hata ughaibuni, ni wa chakula sebuleni kwa mtu. Hauhitaji bango wala leseni. Lakini hapa pana ufundi, na nimeuona kwa karibu kwa mwenyeji mmoja wa Toronto, mtu wa Mombasa, mwembamba kama ufito, anayetupikia pilau. Mwanzoni kwake kulikuwa na viti vya plastiki vyenye mikono, vile vinavyobana mapaja na kuinuka pamoja na mtu. Kulikuwa na mgeni mmoja, bonge hasa, ambaye kila alipokuja alisimama dirishani na sahani yake, anasema yeye amezoea kula amesimama, mgongo unamsumbua. Mwenyeji hakusema neno. Safari iliyofuata viti vile havikuwepo. Palikuwa na mabenchi mawili mapana ya mbao, ameyaazima, na mkeka na mito kwa wapendao chini. Yule mgeni akakaa. Akajipakulia tena. Ikafika saa tano usiku bado anasimulia habari za Tanga, na ule mgongo haujatajwa hadi leo.

Hakuna aliyemwonyesha kiti chake maalumu. Ukimtengea mnene kiti kimoja imara na kumwita mbele za watu akikalie, umemtangaza. Fanya viti vyote viwe imara. Kama mnatengeneza fulana za kikundi, agiza saizi kubwa tangu mwanzo, maana kumwambia mtu yake itachelewa ni kumwambia hamkumfikiria. Mkipanga matembezi, sema mapema ni umbali gani, kama kuna ngazi, kama kuna mahali pa kupumzika. Kila mtu ajipakulie chakula mwenyewe, na asiwepo wa kusema loo, umeongeza? Picha za pamoja zipigwe kwa ridhaa, na zisitoke nje ya kikundi.

Utani je? Hatuwezi kukaa Waswahili sebuleni tusitaniane. Hiyo itakuwa semina. Wangu ni mtazamo wa mtu aliyeitwa bonge tangu utoto: utani unaokwenda pande zote unanoga. Ukiniita bonge nami nikakuita kimbaumbau, ukacheka kwa dhati, tuko sawa. Tatizo linaanza jioni nzima inapomwelekea mmoja, au pale jina linapotumika mbele ya mtu ambaye mwenye jina anamtaka. Hapo mwenyeji aingilie, tena kwa sauti ya kawaida: bwana wee, badilisha kaseti. Asimwachie anayechekwa ajitetee mwenyewe, kwa sababu akijitetea ataambiwa hana utani.

Kuna mahali pengine unapochelewa kwenda kwa sababu ya aibu hiihii, napo ni hospitali. Wengi hukwepa kliniki kwa kuwa kila ugonjwa wanaopeleka, hata kidole kilichoteguka, unarudishwa na hotuba ya kupunguza uzito. Na kwa shoga kuna hofu ya pili juu yake. Yapo machache ya kujua. Mkanda wa kupimia presha ukiwa mdogo kwa mkono wako, kipimo hupanda juu kuliko ukweli. Omba mkanda mpana, upo, na usikubali kuanzishiwa dawa kwa kipimo cha mkanda uliokaribia kufyatuka. Ukitumia sindano ya cabotegravir ya kujikinga na VVU, mwambie muuguzi kwamba huenda ukahitaji sindano ndefu zaidi, ili dawa ifike kwenye msuli.

Na uliye kwenye dawa za kufubaza virusi, hili nalisema taratibu. Utafiti uliofanyika Johannesburg na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba walioanzishiwa dawa zenye dolutegravir, ambazo sasa ndizo zinazotolewa kwa wingi Afrika Mashariki, waliongezeka uzito kuliko wale wa dawa ya zamani ya efavirenz, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Ukiona suruali zinagoma tangu ubadilishiwe dawa, si lazima iwe ni uvivu wako. Mwambie daktari, pimwa sukari na presha, zungumzeni mbadala kama upo. Kuacha vidonge kimyakimya ili tumbo lishuke ni kubadili kitambi kwa kaburi. Vivyo hivyo zile chupa zinazouzwa vichochoroni mwa jim, za kukujengea kifua kwa wiki chache: hupunguza korodani na uzazi, huumiza moyo, na anayekuuzia hana kipimo cha damu wala nia ya kukupima.

Kama unataka kupungua kwa ajili ya magoti au sukari, pungua, na Mungu akusaidie. Fanya hivyo ukiwa tayari na watu. Anayefanya mazoezi huku ana wenzake wa kula nao Jumamosi hudumu kuliko anayefanya ili siku moja apate ruhusa ya kuwa nao.

Kwenu nyie wembamba na wenye misuli: mnaruhusiwa kuwapenda mnaowapenda. Hakuna anayedai mlale na mtu msiyemtaka. Kinachodaiwa ni adabu ya kawaida, ya kuitikia salamu, kutomtumia mnene kama kichekesho cha kuwafurahisha warembo, na kuacha kulalamika mbele yake kwamba umenenepa hadi unatia kinyaa, wakati yeye ni mara mbili yako na amekaa palepale.

Na uliye peke yako kabisa, hujui mtu, hakuna kikundi: anza na wawili. Rafiki unayemwamini na rafiki yake. Pika kitu usichoweza kukiharibu, wali na maharage vinatosha. Usitangaze kwamba ni kikundi cha wanene wala cha chochote. Sema njooni tule. Watakapokuwa wanasaka viatu mlangoni, kabla hawajatawanyika, tajeni siku ya mara ijayo na nani anapika, kwa sababu ile ya tutaonana haijawahi kumkutanisha mtu na mtu.